Kutoka kurasa 41 hadi mbili: shajara ya mradi wetu wa utafiti wa moyo

Jumatatu, 3 Februari 2025

Tumeanza rasmi leo, ikiwa watu wanne kujibana kwenye chumba cha mafaili chenye feni moja ndiyo kuanza. Yupo daktari wa kliniki ya moyo, sista mkuu wa kliniki, kijana wa kompyuta, na mimi ninayeshika takwimu.

Swali letu halina madaha. Mgonjwa ambaye moyo wake umechoka kusukuma damu lakini hali yake imetulia, apewe dawa za mwezi mmoja au za miezi mitatu? Sasa hivi anapewa za mwezi. Kila mwezi anapanda bodaboda, anaunga na daladala, anakaa benchi tangu saa kumi na mbili asubuhi, anapimwa presha, anarudi nyumbani na vidonge vilevile alivyopewa mwezi uliopita. Siku akikosa nauli haji, na asipokuja hana dawa. Mimi na daktari tunadhani wa miezi mitatu watakosa dawa mara chache, kwa hiyo watalazwa mara chache. Sista anadhani kinyume: anayeonwa kila mwezi, miguu ikianza kuvimba anashtukiwa mapema. Tumebishana hadi chai ikapoa, hakuna aliyemshinda mwenzake. Ubishi wenyewe ndio unaotupa ruhusa ya kuwagawa watu kwa nasibu, yaani kwa bahati tupu. Kama mmoja wetu angekuwa anajua kweli, ingekuwa dhambi.

Hakuna kampuni itakayotoa hela kwa swali hili, maana jibu lake haliuzwi dukani. Tuna kifuko kidogo tu cha fedha. Basi ama tufanye utafiti rahisi, ama tusifanye.

Fomu tuliyorithi kwa mradi mmoja uliokwisha ina kurasa 41. Nimezihesabu mara mbili. Ukurasa wa 9 unauliza mgonjwa hunywa vikombe vingapi vya kahawa kwa wiki, na wa 23 unauliza kiwango cha elimu cha baba yake.

Alhamisi, 13 Februari

Usiku wa jana niliutumia wote na ISIS-2. Wengine hukesha na mpira, mimi na utafiti wa mwaka 1988.

Nauandika hapa kwa urefu kwa sababu kila nikikwama narudi kwake. Kikundi cha Oxford kilitaka kujua kama aspirini na streptokinasi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, zinaokoa watu waliopatwa na shambulio la moyo. Waliandikisha wagonjwa 17,187 katika hospitali 417 za nchi 16. Hospitali hizo zilikuwa za kawaida, zenye manesi waliochoka kama wetu. Walifanyaje? Daktari akimshuku mgonjwa kuwa na shambulio la moyo ndani ya saa 24, na mwenyewe akiwa hana hakika kama dawa itamfaa, anapiga simu Oxford. Simu ilipokelewa usiku na mchana. Aliyeipokea anauliza maswali machache, anampa namba ya boksi la dawa, basi. Mgonjwa akitoka hospitalini, au akifariki, inajazwa karatasi moja.

Aspirini ilikuwa 160 mg kwa siku kwa mwezi mmoja. Vifo vya moyo na mishipa ndani ya wiki tano vilishuka kutoka asilimia 11.8 hadi 9.4. Streptokinasi ilivishusha kutoka 12.0 hadi 9.2. Waliopata zote mbili walikuwa asilimia 8.0, wasiopata hata moja 13.2. Kwa kuwa kila mgonjwa aligawiwa mara mbili, mara ya aspirini na mara ya streptokinasi, tafiti mbili zilifanyika kwa watu walewale na kwa gharama ya mmoja. Mwanamke anayejua kubana matumizi ya jikoni angewaelewa mara moja.

Kipande ninachokipenda zaidi ni cha nyota. Wahariri wa jarida walitaka matokeo yachambuliwe kwa vikundi vidogovidogo: wazee, vijana, wenye kisukari. Watafiti wakakubali, lakini wakaweka na kikundi chao: nyota za kuzaliwa. Ikaonekana kwamba waliozaliwa chini ya nyota ya Mapacha na ya Mizani aspirini haikuwasaidia, tena kama iliwadhuru kidogo. Waliobaki wote iliwafaa sana. Nimemsomea sista, mtoto wa pwani, akacheka hadi akafuta machozi, kisha akaniuliza kwa dhati, "Sasa wa Mizani wafanyeje?" Mumewe ni Mizani. Nimemwambia anywe tu. Ukiwakatakata watu 17,000 vipande vidogo vya kutosha, bahati itakuonyesha chochote unachotaka kukiona. Je, sisi ambao kwa sasa tunafikiria mia tatu?

Jumanne, 25 Februari

Siku ya hesabu na ya mkasi.

Hesabu kwanza. Tuseme katika kila wagonjwa 100 wanaopewa dawa za mwezi, 20 watalazwa tena au watafariki ndani ya mwaka. Tuseme za miezi mitatu zinawashusha hadi 17. Kuiona tofauti hiyo bila kudanganywa na bahati, kwa kipimo cha kawaida cha nafasi 80 kati ya 100, tunahitaji watu 2,600 na ushei kila upande. Jumla 5,250 hivi. Daktari alishika kichwa. Akauliza, "Na tukisema wanashuka hadi 10?" Nikabonyeza: watu 200 kila upande wanatosha. Uso ukamng'aa. Ikabidi nimwulize: daktari, unaamini kweli kwamba kumbadilishia mtu tarehe ya kliniki kutapunguza balaa kwa nusu? Akanyamaza. Hapo ndipo tafiti nyingi za moyo hufia. Mtu anachagua tofauti kubwa ili idadi iwe ndogo, halafu anaikosa tofauti ndogo iliyokuwapo kweli. Watatu kati ya mia wanaonekana wachache mpaka uwapangishe mstari mlangoni.

Kipimo cha 20 sikukiokota hewani. THESUS-HF, uchunguzi uliofuata wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa katika hospitali 12 za nchi tisa za Afrika, ulikuta asilimia 17.8 wamefariki ndani ya miezi sita. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 52, na chanzo kikubwa kilikuwa presha. Hao walikuwa wamezidiwa, wetu wametulia, kwa hiyo kwa mwaka mzima, vifo na kulazwa pamoja, 20 ni makisio ya mtu mzima.

Sasa mkasi. Kurasa 41 mara watu 5,250 ni kurasa 215,250. Kila moja kuna atakayeijaza, atakayeiingiza kwenye kompyuta na atakayeihakiki, na wote watatu wanalipwa. Nimeweka kanuni moja: anayetaka swali libaki aniambie jibu lake litakaa kwenye jedwali gani la ripoti. Asipolijua jedwali, swali linakwenda.

Kahawa ikaenda. Elimu ya baba ikaenda. Historia ya ukoo hadi babu mzaa mama ikaenda. Daktari aliipigania kreatinini, kipimo cha figo, akaipigania potasiamu, chumvi ya kwenye damu, akaing'ang'ania namba ya nguvu ya moyo inayotoka kwenye eko, picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Sista ndiye aliyemaliza ubishi: "Dokta, hayo yote yamo kwenye faili. Siku ukiyahitaji utayafuata humo. Usinifanye mimi niyaandike mara ya pili." Vikombe vya chai vikaletwa.

Kilichobaki ni hiki. Ukurasa wa kwanza: jina, namba ya kliniki, umri, jinsia, namba tatu za simu, masharti manne ya ndiyo au hapana, saini. Ukurasa wa pili, unaojazwa baada ya miezi 12: yu hai? Kama hapana, alifariki lini? Alilazwa? Kwa siku ngapi? Mwisho. Kifo tunakihesabu chochote kile, cha moyo au cha ajali ya bodaboda, kwa sababu kutafuta kilichomuua mtu kunahitaji jopo la madaktari, na jopo linahitaji posho. Nasibu itasawazisha bodaboda pande zote mbili.

Jumatano, 12 Machi

Ramadhani, mchana. Kliniki tupu, tumekaa chini ya mwarobaini kurekebisha karatasi ya ridhaa.

Rasimu ya kwanza iliandikwa na mtu aliyetoka kuisoma kwa Kiingereza. Ina kurasa sita, na sentensi ya kwanza ina maneno 58. Tumeijaribu kwa watu wa nyumbani kwetu, kila mtu na mama yake au shangazi yake. Haya ndiyo yaliyorudi.

"Majaribio." Shangazi yangu alisimama hapo hapo: "Yaani mnatujaribia?" Neno limetoka, limeingia "utafiti". Utafiti watu wameuzoea. Watu wa sensa walikuja, wa malaria walikuja, wote walikuwa na utafiti.

"Bahati nasibu." Hili ndilo tulilolitegemea kuelezea ugawaji, nalo limetuaibisha zaidi. Kaka yake kijana wa kompyuta aliuliza kama ni mkeka, na kama mkeka, dau ni shilingi ngapi. Tumejaribu "kura", wakaulizia wagombea. Mwisho tumeandika hivi: "Kompyuta itakuchagulia kundi. Si daktari, si nesi, si wewe mwenyewe. Ni kama kurusha shilingi juu." Mama yake daktari, mwalimu mstaafu, alisikiliza, akasema, "Basi semeni tangu mwanzo ni shilingi."

Tumshukuru Mungu utafiti wetu hauna kidonge kisicho na dawa ndani. Wenzetu waliofanya utafiti wa namna hiyo walikiita "dawa bandia", na katika nchi ambayo dawa bandia hutangazwa redioni kila mara zinapokamatwa, utaeleza mpaka koo likauke.

Karatasi sasa ina ukurasa mmoja na nusu. Sista ameisoma kwa sauti kwa dakika nne na sekunde kumi. Nusu ukurasa ule ni maneno ya sheria ambayo hatuna mamlaka ya kuyagusa.

Ijumaa, 4 Aprili

Idi imepita, kuna kaimati zilizobaki ofisini.

Leo zoezi la bahasha. Ni mazoezi tu ya mafaili ya zamani, hakuna mgonjwa aliyeguswa. Nilikuwa nimeandaa bahasha 40 zilizofungwa, kila moja na namba yake, ndani karatasi yenye kundi. Nikamwachia nesi mmoja mgeni, nikatoka nje kwa makusudi. Niliporudi alikuwa amesimama dirishani, bahasha juani, anasoma. Wala hakuwa na nia mbaya. "Huyu bibi anatoka mbali sana," akanieleza, "nilitaka kuona kama inayofuata ni ya miezi mitatu nimpe hiyo."

Moyo wake ni mzuri, na ndio ungeua utafiti. Wanaotoka mbali wangejaa upande mmoja, na wanaotoka mbali ndio wanaokosa dawa. Mwisho wa mwaka tungekuwa tumepima umbali wa nyumba za watu tukaita ni dawa.

Bahasha zimekufa leo. Tunarudi kwa Oxford: simu. Kliniki inapiga, inasoma jina na masharti manne, ndipo kijana wa kompyuta anabonyeza na kundi linajulikana. Jina likishaingia halitoki. Tulifikiria programu ya simu za kisasa, tukafikiria ujumbe wa menyu za nyota na reli, kila kimoja kina mtu wa kukilipa kila mwezi. Simu ya kupiga na kupokea kila nesi anayo na anaijua. Kliniki zinafunguliwa asubuhi tu, kwa hiyo hatuhitaji mtu wa usiku.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua ya masika, barabara ya kuingia hospitali ni mto. Leo naandika kosa letu.

Katika kukata maswali nilikata na orodha ya dawa anazotumia mgonjwa. Niliona haina jedwali. Kwenye zoezi la leo, faili la kumi na mbili, simu ikatoa miezi mitatu. Sista akafungua faili, akaifunga, akaniita pembeni: "Mwanangu, huyu anakunywa warfarini."

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, lazima apimwe INR, kipimo cha kuganda kwa damu, mara kwa mara. Dozi ikizidi anavuja damu, ikipungua anapata kiharusi. Kumpa huyo za miezi mitatu na kumwambia kwaheri ni kumtupa. Wala si mgonjwa wa nadra kwetu. Wenye valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni wamejaa kliniki, wengi wao wanawake, wengi hawajafika miaka 50, na mapigo yao yakivurugika wanahitaji warfarini. Utafiti wa INVICTUS wa 2022 ulipima hilo kwa wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Wengi walitegemea rivaroksabani, dawa mpya isiyohitaji vipimo, ingefanya vizuri angalau kama ile ya zamani. Matokeo yakaja kinyume: waliopatwa na kiharusi, kifo au madhara mengine makubwa yaliyohesabiwa walikuwa 560 upande wa dawa mpya, na 446 upande wa warfarini na ndugu zake. Kwa hiyo warfarini haitoki kliniki leo wala kesho.

Sharti la tano limeongezwa: anatumia warfarini? Ndiyo, haingii. Nilikuwa najivunia mkasi wangu, leo nimeurudisha sandukuni kidogo. Swali la kutoka kwenye jedwali nililijua, swali la kumlinda mtu sikuliuliza.

Alhamisi, 15 Mei

Wafadhili watarajiwa wametuuliza kwa nini hatufanyi kama Sweden. Swali zuri. Nimetumia siku mbili kulijibu, na jibu limebadilisha bajeti yetu nzima.

Kule kuna daftari la taifa la wagonjwa wa moyo, SWEDEHEART. Mgonjwa wa shambulio la moyo anapoingizwa chumba cha kuzibua mishipa, taarifa zake zinajazwa humo hata kama hakuna utafiti. Watafiti wa TASTE waliongeza kitu kimoja tu ndani ya daftari lile: kitufe cha kugawa. Lifyonzwe kwanza lile bonge la damu kabla ya kuzibua, au lisifyonzwe? Waligawa watu 7,244, matokeo yakatoka 2013: vifo vya siku 30 asilimia 2.8 kwa 3.0, hakuna tofauti ya maana. Wakati huo hospitali nyingi zilikuwa zikifyonza. Gharama ilitajwa kuwa kama dola 50 kwa mgonjwa. Kwa njia hiyo hiyo mwaka 2017 wakapima oksijeni, iliyokuwa ikipewa wagonjwa wa moyo kwa mazoea ya karibu karne nzima, watu 6,629, asiyepungukiwa haikumsaidia.

Dola 50! Lakini tazama kilichofichwa. Kila mkazi wa Sweden ana namba yake ya utambulisho, mfumo ulioanza 1947. Akifariki kijijini kaskazini kabisa, namba inajua. Mtafiti haulizi mtu. Dola 50 zile ni za kupaka rangi. Nyumba ilijengwa na kodi za watu miaka mingi nyuma.

Sisi tuna nini? Kitambulisho cha taifa chenye tarakimu 20 ambacho bibi amekiacha kwa mwanawe, kadi ya kliniki iliyoloa, na jina linaloandikwa kwa namna tatu kwenye mafaili matatu. Cheti cha kifo hufuatwa panapokuwa na mirathi au mafao. Kwetu hakuna daftari la kubonyeza. Kuna simu.

Sista ana kawaida ya kuwapigia waliokosa kliniki, nikamwomba nikae naye leo nisikilize. Namba kumi za kwanza: nne hazikupatikana. Moja ilipokelewa na fundi wa pikipiki wa mji mwingine, aliyeinunua laini mwezi uliopita na amechoka kuulizwa habari za moyo. Ya saba:

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Sista wa kliniki ya moyo, bibi. Namuulizia Bi mkubwa, hakuja mara mbili."

Kimya. Nikasikia kuku. "Ametangulia mbele ya haki, mwanangu."

Sista akatoa pole kwa utaratibu wake, hakuharakisha, akauliza waliobaki wanaendeleaje. Mwisho, kwa upole, akauliza ilikuwa lini. "Siku tatu kabla ya kuandama kwa mwezi." Wa Ramadhani. Hakuna tarehe, na hakuhitaji tarehe, yeye alijua ni lini. Sista akahesabu vidole akaandika tarehe pembeni ya daftari.

Nimebadilisha fomu jioni hii hii. Chini ya "alifariki lini?" kuna nafasi ya kuandika maneno ya ndugu kama alivyoyasema: kabla ya Idi, wiki ya Krismasi, siku ya mnada, tulipovuna mpunga. Tarehe tutaihesabu sisi. Namba tatu za simu sasa lazima ziwe za nyumba tofauti, na moja iwe ya mtu asiyehamahama: mwenye duka, balozi wa nyumba kumi, imamu, mwinjilisti. Kila baada ya miezi mitatu kila mgonjwa anapigiwa, wa makundi yote mawili sawasawa, wakati uleule, kwa maswali yaleyale.

Na bajeti nimeipindua. Pesa zote tulizozikata kwenye kurasa 39, kwenye vipimo vya damu, kwenye jopo, zinakwenda kwenye dakika za maongezi na kwa watu wawili wa kupiga simu, wenye sauti kama ya sista. Sweden ufuatiliaji ni wa bure ndiyo maana utafiti wao ni rahisi. Kwetu ufuatiliaji ndio pekee tunaotakiwa kuulipia vizuri.

Nimewaandikia wafadhili watarajiwa pia kwamba si kila swali linarahisika. Uganda, utafiti wa GOAL ulipima watoto 102,200 kwa eko ili kuwapata 818 wa kugawa, waliokuwa na dalili za mwanzo za valvu kuharibika. Baada ya miaka miwili, kati ya waliochomwa sindano ya penisilini kila wiki nne ni watatu tu kati ya 399 waliozidi kuharibika. Wasiochomwa, 33 kati ya 400. Jibu lile halikupatikana kwa simu na karatasi mbili. Lilistahili kila shilingi.

Jumanne, 10 Juni

Kamati ya maadili. Tulikwenda na karatasi zetu mbili, mmoja wa wajumbe akageuza kutafuta zilizobaki.

Hoja yao kubwa ilikuwa ukaguzi. Walitaka mkaguzi atembelee kila kliniki kila mwezi alinganishe kila jibu na faili. Kwa kliniki 30 tutakazoshirikisha, nauli na posho za mkaguzi zingekula zaidi ya gharama za simu zote. Niliwaeleza kwamba hata mwongozo wa kimataifa wa tafiti za tiba, ICH E6, toleo la tatu lililopitishwa Januari mwaka huu, unataka ukaguzi ulingane na hatari iliyopo, na hatari ya utafiti wetu ni mtu kupewa kwa mafungu tofauti dawa zilezile anazotumia. Nikawaonyesha tutakachokiangalia tukiwa ofisini: kliniki inayoandikisha watu siku ya Jumapili wakati imefungwa, kliniki isiyo na hata kifo kimoja kwa mwaka, mwandiko mmoja uliosaini ridhaa ishirini. Mjumbe mmoja akauliza, je, wakipika vipimo vya presha? Nikamjibu hatukusanyi presha, kwa hiyo hakuna wa kuipika. Walicheka, mwenyekiti hakucheka.

Tumekubaliana: kila kliniki itatembelewa mara moja mwanzoni, na baadaye zile tu ambazo namba zake zina harufu. Kibali kimetoka na masahihisho mawili ya tahajia.

Jumatano, 2 Julai

Simu iliita saa tatu na dakika arobaini asubuhi, kijana wa kompyuta akaimwaga chai yake akiikimbilia. Wa kwanza. Muuza vitumbua, miaka 54, amekwisha kusomewa ridhaa na ameuliza maswali mawili: kama atalipwa, na kama akichoka anaweza kutoka. Masharti matano yakasomwa, la warfarini la mwisho. Akabonyeza. Miezi mitatu.

Nilikuwa kliniki kushuhudia. Sista akaandika kwenye kadi "2 Oktoba". Mama yule akaitazama, akahesabu vidole: wa nane, wa tisa, wa kumi. "Sasa katikati hapa nisije kabisa?" Sista akamwambia aje wakati wowote miguu ikivimba au pumzi ikikatika usiku, asisubiri Oktoba. Akatoa namba tatu: yake, ya binti yake, na ya mwenye duka anayemnunulia unga.

Akaenda dirisha la dawa. Dakika ishirini baadaye akarudi na mfuko. Dawa ya kukojoza ya miezi mitatu ilikuwamo. Ya presha ilikuwamo. Ya tatu alipewa vidonge 30 tu, na mfamasia ameandika nyuma ya cheti: "stoo haitoshi, arudi mwezi ujao."

Tumekagua kila kitu isipokuwa rafu. Kesho asubuhi naingia stoo na daftari, na kabla ya kliniki ya pili kuanza kupiga simu nataka hesabu ya vidonge ya kliniki zote 30.